Kutoka Nasuri hadi Fistula: Historia ya Majina ya Kuvuja Mkojo na Maambukizi ya Ukeni katika Kiswahili cha Huduma za Afya

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya majina ambayo Kiswahili kimeyatumia kuelezea aina mbili za maradhi ya wanawake: kuvuja mkojo bila hiari na maambukizi ya ukeni yanayojirudia. Yanaonesha kwamba aina moja ya kuvuja mkojo, yaani fistula ya uzazi, ilipata jina la umma, siku yake ya kimataifa na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, ilhali aina nyingine za kuvuja mkojo zilibaki bila jina. Maambukizi ya ukeni nayo yalipewa jina, lakini jina hilo, uchafu, lilibeba hukumu iliyochochea tabia zinazoyarudisha. Makala yanahoji kwamba majina haya yameathiri nani anafika hospitalini, nani anarudishwa nyumbani na nani anapewa dawa isiyo yake. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wapangaji wa sera za lugha na za afya katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tiba huanza kwa maelezo ya mgonjwa. Kabla ya kipimo chochote, mwanamke anayefika zahanati hulazimika kusema kinachomsumbua, naye mhudumu hulazimika kuandika alichokisikia. Katika maradhi mengi hatua hii haina taabu: homa ni homa na kikohozi ni kikohozi. Katika maradhi ya njia ya mkojo na ya uke, hatua hiyo ndiyo kizingiti chenyewe. Mwanamke husema kwamba tumbo linamuuma chini ya kitovu, au kwamba ana matatizo ya kike, na mhudumu, hasa akiwa mwanamume au kijana wa umri wa mwanawe, huachwa abahatishe.

Maradhi yanayojadiliwa hapa ni ya makundi matatu. La kwanza ni fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo mpana na uke, linalotokana na uchungu wa uzazi uliokwama kwa muda mrefu. La pili ni kuvuja mkojo pasipo tundu lolote: mkojo hutoka mwanamke anapokohoa, anapocheka au anapoinua ndoo, au humjia ghafla asiweze kufika chooni. La tatu ni maambukizi ya ukeni yanayopona na kurudi. Kitabibu makundi haya hayafanani kwa chanzo wala kwa tiba. Katika maisha ya jamii, hata hivyo, huunganishwa na kitu kimoja, nacho ni harufu, na harufu huleta aibu. Kwa sababu hiyo historia zake hazina budi kusomwa pamoja.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno katika uwanja huu. Kilikuwa na hazina ya istilahi zilizotofautisha hali za mwili wa mwanamke bila kumhukumu. Hazina hiyo haikuingizwa katika Kiswahili cha hospitali kilipokuwa kikijengwa, na pengo lililobaki lilijazwa kwa maneno mawili yenye nguvu zisizo sawa: fistula na uchafu.

2.0 Maradhi Kongwe na Hazina ya Istilahi za Pwani

Kuvuja mkojo baada ya uzazi si ugonjwa wa zama hizi wala wa bara moja. Mwaka 1935 mtaalamu wa anatomia Douglas Derry alieleza maiti iliyokaushwa ya Henhenit, bibi wa kasri la Farao Mentuhotep wa Pili wa Misri, aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Katika maiti hiyo palikuwa na tundu kubwa kati ya kibofu na uke. Karne nyingi baadaye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Al-Qanun fi al-Tibb kwamba msichana anayeolewa akiwa mdogo mno afundishwe kujikinga na mimba, kwa kuwa ukubwa wa kitoto huweza kumpasua kibofu na kumwacha akivuja mkojo maisha yake yote. Maelezo hayo yanaunganisha chanzo, dalili na kinga kwa namna ambayo mtaalamu wa leo hawezi kuipinga.

Elimu iliyoandikwa kwa Kiarabu ilifika Pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara, madrasa na vitabu, ikaacha msamiati mpana. Neno nasuri, kutokana na Kiarabu nasur, liliingia katika Kiswahili kwa maana ya kidonda chenye tundu lisilofunga. Hata hivyo, lilizoeleka zaidi kwa kidonda cha aina hiyo kilicho karibu na njia ya haja kubwa, na halikupata kuwa neno la mazungumzo ya wanawake kuhusu uzazi.

Msamiati wa fiqhi ulikuwa na uzito mkubwa zaidi. Wanafunzi wa madrasa za Pwani, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea, walifundishwa kutofautisha aina tatu za damu: hedhi, ambayo ni damu ya mwezi, nifasi, ambayo ni damu baada ya kujifungua, na istihadha, ambayo ni damu ya ugonjwa. Kila moja ina hukumu yake. Mwenye istihadha hachukuliwi kuwa na hedhi. Hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu baada ya kuingia wakati wa sala, kisha husali. Hukumu ya namna hiyohiyo ilimhusu mtu wa kuvuja mkojo daima, ambaye hali yake huitwa salasul-bauli. Kwa maneno mengine, sheria ilimpa mtu anayevuja mkojo jina, utaratibu wa kujistiri na nafasi katika ibada. Ilimtambua kuwa ni mwenye udhuru.

Istilahi nyingine ya kuzingatiwa ni rutuba. Wanazuoni walijadili unyevu wa uke kwa jina la rutuba na kutofautiana kuhusu hukumu zake. Katika Kiswahili cha leo rutuba ni sifa ya ardhi inayoweza kuotesha mmea. Kwa hiyo ndani ya mapokeo yaleyale yaliyoipa lugha neno la shamba zuri, majimaji ya kawaida ya mwili wa mwanamke yalikuwa na jina lisilo na karaha. Suala hili litarejewa katika sehemu ya 5.0.

Isidhaniwe kwamba hazina hii iliwafikia wote. Ilikuwa mali ya waliosoma, na wengi wao walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa na uwanja wao, wa kungwi na somo, ambamo mafunzo ya usafi, hedhi na ndoa yalitolewa kwa mafumbo, nyimbo na ishara. Uwanja huo ulihifadhi maarifa, lakini pia ulihifadhi siri. Kilichofunzwa ndani hakikupaswa kutamkwa nje. Mwanamke aliyetoka humo na kuingia katika chumba cha daktari alikuwa amefunzwa kutosema kile ambacho daktari alitaka kukisikia.

3.0 Upasuaji: Kutoka Montgomery hadi Addis Ababa

Njia ya kuifunga fistula kwa upasuaji ilipata umaarufu kwa gharama ambayo historia imechelewa kuikiri. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery katika jimbo la Alabama nchini Marekani, daktari J. Marion Sims aliwafanyia upasuaji wa majaribio wanawake watumwa waliokuwa wakivuja mkojo. Majina matatu kati yao yamebaki katika maandishi yake: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa yapata mara 30, bila dawa ya usingizi, kabla tundu lake halijafungwa kwa nyuzi za fedha. Sims alichapisha matokeo yake mwaka 1852 na akashiriki kuanzisha hospitali ya wanawake mjini New York mwaka 1855. Chombo cha kuchunguzia uke kikaitwa kwa jina lake. Sanamu yake iliyosimama katika mji huo iliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018, na mwaka 2021 sanamu za wale wanawake watatu zilizinduliwa mjini Montgomery. Suala la nani anaitwa kwa jina na nani anasahaulika limekuwa sehemu ya historia ya ugonjwa huu tangu mwanzo wa tiba yake ya kisasa.

Ulaya na Amerika Kaskazini fistula ya uzazi ilikaribia kutoweka katika karne ya 20, na sababu kuu ilikuwa huduma ya uzazi kwa wakati, hususani upasuaji wa kumtoa mtoto. Kitabibu jambo hili ni bayana. Uchungu unapokwama kwa siku 2 au 3, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa hung'oka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto huwa amekwisha kufa. Mama huachwa na msiba pamoja na mkojo usiokoma.

Katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifika Addis Ababa mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua hospitali maalumu ya fistula. Miongoni mwa waliotibiwa na wenzi hao alikuwa Mamitu Gashe, ambaye alijifunza kazi katika chumba cha upasuaji hadi akawa mpasuaji anayewafundisha madaktari. Ujuzi ulienea katika eneo zima. Katika hospitali ya Kitovu, Masaka, nchini Uganda, Bugando mjini Mwanza, CCBRT jijini Dar es Salaam na Gynocare mjini Eldoret, upasuaji wa fistula ulipata makao. Mjini Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999 ilipokea wanawake waliojeruhiwa kwa uzazi na waliojeruhiwa kwa ukatili wa vita. Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad.

4.0 Fistula Yapata Jina la Umma

Hadi mwishoni mwa karne ya 20, mwanamke mzungumzaji wa Kiswahili aliyekuwa na fistula alielezwa kwa virai: anatokwa na mkojo, ana ugonjwa wa mkojo, amepasuka kwa uzazi. Virai hivyo vilieleza dalili, lakini havikutaja ugonjwa. Visivyotaja ugonjwa huacha nafasi ya kutafuta mkosaji, na mara nyingi mkosaji alikuwa mwanamke mwenyewe: alirogwa, alizini, au alikataa kusukuma mtoto.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi baada ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu kuzindua kampeni ya dunia ya kutokomeza fistula mwaka 2003. Nchini Tanzania, shirika la Women's Dignity, lililojitambulisha kwa Kiswahili kama Utu Mwanamke, liliweka sauti za wanawake wenyewe mbele ya watunga sera. Jina hilo la Kiswahili lilikuwa hoja kamili: lilisema kwamba kilichojeruhiwa ni utu, na si kibofu pekee. Hospitali ya CCBRT ilitumia mabalozi wa kijamii waliowatafuta wanawake vijijini, na nauli ilitumwa kwa M-Pesa ili mgonjwa asikwame njiani. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 23 Mei kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013.

Katika kampeni hizo neno nasuri halikuchaguliwa. Neno fistula lilikopwa kama lilivyo. Linatamkika kwa urahisi, linamalizika kwa irabu, na liliingia katika ngeli ya I-/ZI- bila kusuguana na sarufi. Kwa upande wa kijamii lilikuwa na faida kubwa zaidi: lilikuwa geni. Kwa kuwa halikuwa na historia katika matusi wala katika uvumi wa mtaani, mwanamke aliweza kulitamka bila kujidhalilisha. Kauli kwamba mtu ana fistula na kwamba fistula inatibika ilifanya kazi ambayo kirai cha kutokwa na mkojo hakikuweza kuifanya. Ilimwambia mgonjwa kwamba wapo wengine, na kwamba ipo hospitali inayowangoja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa zaidi ya wanawake milioni 2 wanaishi na fistula isiyotibiwa katika Asia na Afrika kusini mwa Sahara. Kila aliyefika hospitalini kwa kusikia tangazo la redio ni ushahidi wa uwezo wa neno.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yaliacha vivuli vitatu. Cha kwanza ni cha kijiografia. Mashariki mwa Kongo neno hilo, lililopokewa kwa njia ya Kifaransa, liliandamana na habari za ubakaji wa vita kiasi kwamba mwanamke aliyeipata fistula kwa uzazi aliweza kudhaniwa kuwa alibakwa, ilhali wagonjwa wengi hata huko waliipata kwa uzazi uliokwama. Jina moja lilibeba habari mbili, na mgonjwa hakuwa na namna ya kuchagua ipi isikike.

Kivuli cha pili kinahusu kupona. Tundu likifungwa vyema, baadhi ya wanawake huendelea kuvuja, kwa kuwa misuli inayobana njia ya mkojo iliharibiwa pamoja na nyama iliyokufa. Katika daftari la upasuaji mwanamke huyo anaweza kuandikwa kuwa amefungwa tundu na kuhesabiwa miongoni mwa mafanikio. Nyumbani kwake, kanga bado imelowa. Lugha ya kampeni ilikuwa na hali mbili tu, mgonjwa na aliyepona, na yeye hakuwamo katika yoyote kati ya hizo.

Kivuli cha tatu ndicho kipana zaidi. Kambi za upasuaji wa fistula huwapokea pia wanawake wanaovuja mkojo lakini hawana tundu. Hao huambiwa kwamba hawana fistula. Kauli hiyo ni sahihi kitabibu, lakini kwa mwanamke aliyesafiri siku nzima ina maana kwamba hana ugonjwa. Ilhali anao. Misuli inayotandazwa chini ya nyonga, ambayo hutegemeza kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo, hulegea kwa uzazi, kwa umri, kwa unene na kwa kubeba mizigo mizito. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alichapisha utaratibu wa mazoezi ya kuikaza misuli hiyo, na hadi leo mazoezi hayo, yakifanywa kwa usimamizi kwa muda wa miezi 3 hivi, ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa anayevuja mkojo kwa kukohoa au kuinua kitu. Kwa anayebanwa ghafla, kibofu hufunzwa kuvuta muda kidogo kidogo kati ya kwenda haja na kwenda haja, na vinywaji kama kahawa hupunguzwa. Tiba hizi hazihitaji chumba cha upasuaji. Zinahitaji mtaalamu wa viungo, au muuguzi aliyefunzwa, na zinahitaji mwanamke ajue kwamba hali yake ina jina.

5.0 Uchafu: Jina Linalomrudia Mgonjwa

Ikiwa kuvuja mkojo kulikosa jina, maambukizi ya ukeni yalipata jina baya. Kirai kutokwa na uchafu ukeni kimeenea katika mabango, vipeperushi na mazungumzo ya kliniki. Ili kuelewa madhara yake ni lazima kwanza kuangalia kile ambacho sayansi ilikuwa ikikigundua.

Mwaka 1836 daktari Mfaransa Alfred Donné aliona kwa hadubini kijidudu cha trikomona katika majimaji ya uke. Mwaka 1892 Mjerumani Albert Döderlein alieleza bakteria wanaoishi ukeni mwa mwanamke mwenye afya, ambao leo huitwa laktobasili. Hao hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi. Mwaka 1955 Gardner na Dukes wa Marekani walieleza hali ambayo laktobasili hupungua na bakteria wengine kuongezeka, na kuleta majimaji mepesi yenye harufu kama ya samaki. Kwa upande wa fangasi, Elizabeth Hazen na Rachel Brown walitangaza mwaka 1950 ugunduzi wa nistatini, dawa iliyotumika duniani kote. Kufikia katikati ya karne ya 20, basi, ilijulikana kwamba majimaji ya uke yanaweza kuwa ya kawaida kabisa, na kwamba yasipokuwa ya kawaida chanzo chake si kimoja.

Huduma za afya za Afrika Mashariki, hata hivyo, hazikuwa na maabara za kutosha kutofautisha vyanzo hivyo. Ndipo ulipokubaliwa mfumo wa kutibu kwa kufuata dalili: mgonjwa hueleza, mhudumu hufuata mchoro wa hatua, kisha hutoa dawa za vyanzo vyote vinavyowezekana. Mkoa wa Mwanza una nafasi ya pekee katika historia hiyo. Utafiti uliofanyika huko kati ya mwaka 1991 na 1994, uliochapishwa mwaka 1995, ulionesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kwa mfumo huo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Matokeo hayo yaliathiri sera za dunia.

Kwa mtafiti wa lugha, mfumo huo una maana ya ziada. Pasipo hadubini, neno la mgonjwa ndilo kipimo. Na katika kipimo hicho majimaji yote yaliwekwa chini ya jina moja. Ute wa kawaida wa katikati ya mwezi, fangasi, mvurugiko wa bakteria, trikomona na kisonono cha shingo ya kizazi vyote viliitwa uchafu. Ilikuja kudhihirika kwamba dalili hii, tofauti na usaha kwa mwanamume, haibashiri vyema magonjwa ya ngono. Wanawake wengi walipewa dawa za ugonjwa wa ngono wasiokuwa nao, wakatakiwa kuwaleta waume zao, na wakarudi nyumbani na tuhuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasisitiza kutumia vipimo kila vinapopatikana.

Madhara ya neno uchafu hayakuishia kwenye tuhuma. Uchafu, kwa mantiki ya lugha, huoshwa. Mwanamke anayeambiwa kwamba anatoa uchafu huosha, tena kwa bidii: kwa sabuni, kwa maji ya ndimu au chumvi, kwa kidole au kitambaa hadi ndani. Tafiti zilizofanywa Mwanza na kwingineko barani zimehusisha kujiosha ndani ya uke na mvurugiko wa bakteria. Kinachooshwa ni pamoja na laktobasili wa Döderlein, yaani ulinzi wenyewe. Harufu hurudi, naye huongeza kuosha. Hivyo jina la ugonjwa huwa mojawapo ya sababu za kujirudia kwake.

Katika miji ya leo majina mengine mawili yamejiunga na hilo. Fangasi limekuwa jina la kila mwasho, na U.T.I., linalotamkwa yutiai, limekuwa jina la kila maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini. Yote mawili yanatamkika bila aibu, na hiyo ndiyo siri ya kuenea kwake. Lakini yanatumika kununulia dawa. Anayeita mvurugiko wa bakteria fangasi hununua dawa ya fangasi isiyomsaidia. Anayeita mwasho yutiai hununua antibiotiki, ambayo huua laktobasili na kuifungulia fangasi mlango. Na palipo na fangasi inayorudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, swali linalopaswa kuulizwa ni jingine kabisa: je, mgonjwa amepimwa kisukari na VVU? Ikiwa amefikia ukomo wa hedhi, upungufu wa homoni ya estrojeni hukausha uke, na ukavu huo huweza kuleta mwasho, maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia na kubanwa na mkojo kwa pamoja. Mwanamke wa namna hiyo ana tatizo moja lenye dalili tatu, na kwa msamiati uliopo atapewa majina matatu na dawa tatu.

Mwaka 2025 utafiti uliochapishwa kutoka Australia ulionesha kwamba mvurugiko wa bakteria hujirudia kwa uchache zaidi pale mwenzi wa kiume anapotibiwa pamoja na mwanamke. Kwa miongo mingi yeye peke yake ndiye aliyeitwa mwenye uchafu.

6.0 Mafunzo kwa Sera ya Lugha na Afya

Inaweza kupingwa kwamba majina hayatibu. Wapasuaji, maabara na wataalamu wa viungo ni wachache, na istilahi mpya hazitawaongeza. Pingamizi hili lina uzito, lakini historia ya fistula inajibu sehemu yake: fedha, mabalozi na nauli vilifuata jina, kwa sababu bajeti haiwezi kutengewa kitu kisichoitwa. Inaweza kupingwa pia kwamba uchafu ni neno la wanawake wenyewe. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mhudumu hana budi kulielewa likisemwa na mgonjwa. Hana sababu ya kulirudisha kwake kama utambuzi wa kitaalamu.

Kiswahili kimewahi kufanya mageuzi ya namna hii. Magonjwa ya zinaa yaliitwa magonjwa ya ngono katika nyaraka nyingi za afya ili hukumu ya dhambi iondolewe kwa mgonjwa. Mwathirika wa UKIMWI akawa mtu anayeishi na VVU. Zeruzeru akawa mtu mwenye ualbino. Katika baadhi ya matukio hayo wahusika wenyewe walilikataa jina, na taasisi zikabadilisha lugha yake.

Mazingira ya sasa yanaruhusu kazi ya kikanda. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikiidhinisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kutokana na mjadala uliotangulia, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kuvuja mkojo kuwe jina kuu la kundi zima, na chini yake yatajwe matawi: kuvuja kwa tundu, yaani fistula, kuvuja kwa kukohoa au kujikaza, na kuvuja kwa kubanwa ghafla. Hivyo mwanamke asiye na fistula hataambiwa tu kile asichokuwa nacho.

Pili, katika miongozo na mabango neno uchafu lipishe ute. Ute wa kawaida utajwe kuwa wa kawaida, na usio wa kawaida uelezwe kwa rangi, uzito, harufu na mwasho. Sifa hizo nne humsaidia mhudumu zaidi ya neno lolote moja.

Tatu, takwimu za upasuaji wa fistula zitenganishe aliyefungwa tundu na aliyekauka, ili anayeendelea kuvuja apewe rufaa badala ya kuhesabiwa kuwa amepona.

Nne, istilahi zisipitishwe na kamati pekee. Zijaribiwe katika kliniki za Bukavu, Masaka, Mwanza na Mombasa, mbele ya wanawake wa umri na dini mbalimbali, na walimu wa madrasa na makungwi washirikishwe, kwa kuwa wao ndio waliohifadhi sehemu ya msamiati ambayo hospitali haikuichukua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha njia mbili zilizopitwa na maradhi yanayokaa karibu katika mwili mmoja. Fistula ilipata neno geni lisilo na aibu, na neno hilo likawafikisha wanawake wengi kwenye tiba, ingawa liliwaacha nje wale wasio na tundu na wale ambao tundu limefungwa lakini mkojo haujakoma. Maambukizi ya ukeni yalipata neno la zamani lenye aibu, na neno hilo likamtuma mwanamke kwenye sabuni kabla ya kumtuma kwenye zahanati. Kati ya njia hizo mbili ipo hazina ambayo haikutumika: istilahi zilizomtambua mwenye salasi kuwa ni mwenye udhuru, na zilizoyaita majimaji ya mwili kwa jina la rutuba. Kuzirejesha istilahi hizo zote kama zilivyo si lazima, na pengine haiwezekani. Kinachowezekana ni kujenga Kiswahili cha kliniki kwa kanuni iliyozizaa: kila hali itofautishwe na nyingine, iitwe kwa jina lake, na mwenye hali hiyo aelezwe la kufanya.